Bakuli Lililobaki kwa Profesa

Profesa alikuwa anaogopa kuku. Naanza na hilo makusudi, maana siku hizi nikisikia watu wa Ujiji wanavyomtaja utadhani walikaa na malaika. Malaika gani anayepanda juu ya kiti kwa sababu ya jogoo? Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, hapa hapa Kasingirima, miaka ile ya wakimbizi, na jogoo alikuwa wangu. Mwanamke mzima, amesoma mpaka vitabu vikaisha, anatibu hofu za watu waliotoka vitani, halafu asubuhi namsikia uani kwake: "Mama Zuhura! Mama Zuhura, njoo umchukue huyu mtu wako!" Nikienda namkuta kasimama juu ya kiti, kanga kaikunja mpaka magotini, na jogoo hana hili wala lile, anadonoa zake.

"Profesa, si unawafundisha watu wasiogope?"

"Siwafundishi wasiogope," atanijibu kutoka huko juu. "Nawafundisha kuishi. Mtoe huyo."

Alizaliwa wapi, ni wa kina nani, sikumwuliza. Kwetu mtu akishapanga nyumba ya pili na yako na asubuhi akakusalimia, huyo ni jirani, mengine atayasema mwenyewe akitaka. Hakutaka. Tulichojua ni kwamba alikuwa profesa wa saikolojia ya tiba, huko chuo kikuu, na kwamba alikuja Kigoma kusaidia kwa muda mfupi. Ule muda mfupi ukawa miaka. Mtaani watu walitegemea profesa mwanamume, mzee, mwenye miwani. Miwani alikuwa nayo, mkono mmoja wa miwani kaufunga kwa uzi mweusi wa cherehani. Wakamwita daktari wa vichaa. Hakukasirika hata kidogo. Alisema vichaa ni wachache sana duniani, wengi ni watu waliokutana na mambo ambayo hakuna mtu angekutana nayo akabaki salama.

Kupika hakujua. Loo! Ugali wake ulikuwa uji, na uji wake ulikuwa maji ya moto. Chai alikuwa anatia sukari mpaka kijiko kinasimama. Hakulala bila redio, na redio yenyewe ilikuwa inakwaruza tu, lakini ukiizima anaamka. Wagonjwa alizungumza nao kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, wanafunzi wake wakija kutoka chuoni anawafokea mpaka mimi nasikia huku kwangu. "Umemhoji kama polisi! Umemwuliza kama amekula? Hukumwuliza. Utajuaje anaota nini kama hujui amelala na njaa?" Wanafunzi wanatoka wamenywea, halafu anawafuata barabarani na chai.

Tena kwenye harusi alikuwa analia. Si machozi mawili ya furaha kama sisi wengine, alilia mpaka siku moja mama wa bibi harusi akaniuliza pembeni kama kuna siri anaijua kuhusu bwana harusi. Msibani sasa, macho makavu. Anakaa mkekani na wanawake, hasemi pole, hasemi chochote, anashika tu mkono wa mfiwa mpaka umwambie jua limezama. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Msibani niko kazini. Harusini niko likizo."

Ya wagonjwa wake hakutoa hata neno, lakini makosa yake mwenyewe aliyasimulia bila haya. Aliniambia alivyoanza vibaya kambini. Aliweka viti viwili ndani ya turubai, kimoja chake na kimoja cha mgeni, wanatazamana uso kwa uso, kama alivyozoea ofisini kwake. "Namwuliza mtu, umelalaje? Ananiambia, ni amahoro. Ndoto je? Amahoro. Chakula? Amahoro. Mtu amezika wanawe njiani, Mama Zuhura, anatabasamu ananiambia amani tupu!" Ikamchukua muda kuona kwamba wale Warundi hawakuwa wanamficha. Walikuwa wanamheshimu. Mgeni mwenye cheo akikukazia macho na kukuuliza hali, unampa jibu la kumridhisha aondoke salama. Basi akavitoa viti, akatandika mikeka, watu wote wakakaa wanatazama upande mmoja, wanachambua maharage. Mazungumzo yakaanza yenyewe.

Siku moja mkalimani wake aliumwa, akanichukua mimi. Kiha nimekinyonya kwa mama yangu, na Muha na Mrundi wakizungumza wanasikilizana. Tulikaa na bibi mmoja mkimbizi. Salamu yake tu, Mungu wangu, ilikuwa safari: anapiga makofi taratibu, anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza mvua na mbuzi nisiokuwa nao. Profesa naye anapiga makofi, hapati mwendo wake, lakini haachi. Tumechambua maharage asubuhi nzima. Mwishoni bibi akataja jina la mtoto, basi, akaendelea na maharage. Profesa hakuuliza ni nani. Akalitaja na yeye jina lile, polepole, akalitaja vizuri. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Kwenye gari nikamwambia, "Profesa, vumbi lote hili kwa jina moja?"

"Hajalitaja tangu alipovuka kuja huku," alisema. Akageukia dirishani mpaka tulipoliona ziwa.

Sasa niseme habari ya bakuli.

Nilikuwa na seti ya mabakuli ya maua ya buluu, ya harusi yangu, yana vifuniko. Alipohamia, siku ya kwanza nilimpelekea mgebuka, samaki wetu wa ziwani, wa mawese na ugali wa muhogo, kama inavyotakiwa kwa mgeni. Kesho yake akanirudishia bakuli. Limeoshwa, linang'aa, tupu. Ala! Nikalishika mlangoni nimeduwaa. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hata chumvi utatia, hata ndimu moja. Kulirudisha tupu ni kumwambia mwenzio asilete tena. Nikamweleza pale pale, maana mimi si mtu wa kuweka kitu moyoni. Aliona haya mpaka akaingia ndani, akarudi na kipande cha sabuni akakitia bakulini. Tangu hapo bakuli langu lilirudi na vitu vya ajabu: penseli, gazeti la wiki iliyopita, siku moja soksi mpya za watoto. Hajui kupika, atatia nini? Lakini halikurudi tupu tena. Na mgebuka alikuwa anaupenda! Alikuwa analamba vidole kimoja kimoja, profesa mzima.

Mume wangu alikuwa nahodha wa boti la mbao lenye injini. Miaka ile watu walikuwa wanakimbia kwa ziwa, na yeye na wenzake walikwenda mara kwa mara kuwachukua ufukweni huko kaskazini. Siku moja kulitokea jambo huko, nini sikujua. Nilichoona ni kwamba alirudi, akalivuta boti mchangani, akaja nyumbani akakaa, na ziwani hakurudi. Boti likapigwa jua mpaka mbao zikaanza kuachia. Chakula alikula amesimama. Ila kilichonitia hofu zaidi ilikuwa hodi. Mtu akipiga hodi tu, mume wangu huyo, katokea mlango wa nyuma. Siku moja shangazi yake kaja kumjulia hali, kapiga hodi kwa furaha zake, tukamkuta mwanamume kajibanza nyuma ya pipa la maji, anatetemeka. Nikawaomba majirani waache. Watu wakawa wanafika kwangu wanakohoa mlangoni, au wanaingia kimya kimya kama wezi. Nyumba yangu ikawa nyumba isiyopigwa hodi.

Mwanzo wa Ramadhani wakaja kaka zake wawili kutoka Ilagala, wavuvi, watu wazuri, lakini walikuwa wameshaamua.

"Shemeji," mkubwa akaniambia, "huyu baada ya Idi tunamchukua. Kuna mzee ng'ambo ya mto Malagarasi anawatibu wa namna hii. Anawafunga mpaka yale mambo yatoke."

"Anawafunga?"

"Kwa kamba, shemeji. Ni kwa uzuri wake. Na wewe nenda kwenu ukapumzike kidogo."

Mwanamke wa kwetu akiambiwa nenda kwenu ukapumzike anajua maana yake. Na mzee yule nilimjua kwa kazi yake. Kijana wa mtaa wa pili alirudi kutoka huko na alama za kamba mikononi, na akili ile ile. Nililia jikoni siku hiyo, na sikujali nani ananisikia.

Aliyesikia ni Profesa. Asubuhi alikuja, akachungulia kwanza jogoo yuko wapi, akakaa.

"Mama Zuhura, kuanzia leo usiniletee chakula."

Nikadhani sikusikia vizuri. Ramadhani hiyo! Magharibi mabakuli yanapishana mtaa mzima, hata usiyesalimiana naye unampelekea futari, na huyu ananiambia nisilete.

"Kuna mwiko kwenye kazi yangu," akasema. "Simtibu mtu ninayekula kwake. Nikila kwenu mimi ni jirani, na jirani anaonewa haya. Mumeo hataweza kunieleza asubuhi jambo la kumtoa jasho, halafu jioni anione nalamba vidole kwenye mgebuka wake. Wenzangu wote wako makambini, wamezidiwa. Ningempata mwingine ningemwachia yeye, mimi nikaendelea kula. Sijampata."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeamua kumtibu. Na bakuli lako la jana liko kwangu. Likirudi tupu utachukia, likirudi na kitu tumeanza upya kulishana. Liache likae."

Nilikasirika, na sioni kosa langu hata leo. Kazi gani hiyo inayomkataza mtu futari? Kichwani nilielewa, nilishukuru, lakini magharibi ikifika mkono unachukua bakuli wenyewe. Siku ya pili nikamjaribu, nikamtuma Zuhura na mgebuka. Ukarudi haujaguswa. Nikamfokea juu ya ukuta: "Nimetia sumu?"

Halafu nikasikia sauti yake, ndogo kabisa. "Harufu naisikia tangu alasiri, Mama Zuhura. Usinitese."

Sikumjaribu tena.

Aliazima chumba kwenye zahanati moja Bangwe, mbali na macho ya mtaa, na mume wangu akawa anakwenda kwa baiskeli. Nikimwuliza Profesa wanazungumza nini, ananijibu, muulize mumeo. Mume wangu hasemi. Basi subiri. Nilisubiri na roho mkononi, mwezi unakua halafu unapungua, na kila jioni naona Idi inakuja na kamba zake. Kitu kimoja tu Profesa alikuja kunieleza, na akatanguliza kwamba mume wangu amemruhusu.

"Hodi ni mtu anayeomba kuingia," alisema. "Mmemfichia hodi kwa kumwonea huruma, na sasa anaamini kweli ni kitu cha kukimbia. Anza wewe. Toka nje, mpigie hodi."

"Nipige hodi nyumbani kwangu?"

"Mwambie kwanza kwamba unatoka. Halafu piga, polepole."

Basi nikasimama juani mbele ya mlango wangu mwenyewe nampigia hodi mume wangu, na majirani wanapita, wananicheka, "Vipi Mama Zuhura, umefukuzwa?" Ndani yeye ameshika benchi kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na mdomo umekauka kwa saumu. Hakukimbia. Nikaingia nikamkalia karibu. Kesho yake tena. Kisha Zuhura. Kisha mama muuza dagaa, ambaye hana sauti ya polepole, huyo akipiga hodi Kasingirima yote inaitika. Hapo mume wangu aliinuka, akafika mlango wa nyuma, akasimama, akarudi.

Jioni moja baada ya futari akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Siku ile ufukwe ulikuwa umejaa watu na boti lilikuwa limejaa watu. Waliobaki waliingia majini mpaka kifuani, wakashika ubavu wa boti. Akawapigia kelele, "Nafasi hakuna! Nafasi hakuna, nitarudi!" Akatia injini moto. Na alirudi kweli, siku ile ile, jua la mchana. Akakuta nguo na sufuria, na hakuna mtu. Hakuna hata wa kumwambia walielekea wapi. "Wakipiga hodi," akaniambia, "nasikia wale." Nilimshika, tukalia wote wawili kama watoto, na nakwambia kulikuwa na raha ndani yake, maana miezi yote ile nilikuwa naishi na mtu aliyefungwa mdomo.

Idi ikafika. Nimepika pilau, nimevaa kanga mpya, na moyo unanidunda kama mashine ya kukoboa. Tukasikia nyayo mlangoni. "Hodi!" Kaka mkubwa, kwa sauti ile ya kuitana majini. Mume wangu akainuka. Uso ukabadilika rangi. Nikaona anatazama mlango wa nyuma, na mimi nikajizuia, maana Profesa alinionya nisimshike, nisimjibie. Akameza mate. Akajibu, "Karibuni," kwa kasauti ka mgonjwa, lakini akajibu.

Wakaingia. Wakakaa. Kaka mkubwa akamtazama ndugu yake ameketi mkekani, anakula pilau ameketi. Halafu kaka akanisukumia sahani yake.

"Shemeji, niongeze nyama."

Ya mzee wa ng'ambo hakuyataja. Walipoondoka walimkumbatia, wakashika njia yao ya Ilagala, na mimi nikatoka uani nikashusha pumzi niliyoibeba mwezi mzima. Ndipo nikaona kichwa juu ya ukuta. Profesa alikuwa amesimama kwenye kiti. Jogoo hakuwepo.

"Kajibu?" akauliza.

"Kajibu, Profesa."

Akashuka kwenye kiti. Nikamsikia anapiga makofi peke yake huko kwake, yale makofi ya salamu ya yule bibi wa kambini, na mwendo wake bado hajaupata.

Ziwani mume wangu hakurudi upesi. Kwanza miguu majini, halafu kukaa kwenye boti likiwa mchangani, halafu likiwa limefungwa kamba. Mwaka uliofuata alitia injini moto. Ndoto zilikuja tena baadhi ya nyakati na baiskeli ikaelekea Bangwe tena. Mimi nikamwambia Profesa sasa basi, amepona, njoo ule. Akakataa. "Mgonjwa wangu ni mgonjwa wangu hata akipona, Mama Zuhura. Akitaka kurudi anikute." Chuo kikamwita, akaondoka na redio yake na miwani yake yenye uzi, nami nikamwaga machozi barabarani, halafu nikakumbuka. Bakuli! Ameondoka na bakuli langu la maua ya buluu. Miaka yote iliyofuata seti yangu ilikuwa na pengo, na kila mgeni aliyeuliza nilimwambia limeibwa na profesa.

Tulisikia habari zake kwa mbali. Anafundisha. Wanafunzi wake wamekuwa madaktari. Wakimbizi wengi walirudi kwao, wengine wakabaki wakawa wenyeji. Zuhura akaolewa, na mabakuli mengine nikampa.

Mwaka jana, saa za mchana, niko jikoni nakaanga. Mume wangu yuko ukumbini anashona wavu, mzee sasa, sikio moja halifanyi kazi.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu ndani!" Hata hakuuliza nani. Hata hakuinua macho kwenye wavu.

Na mtu hakuingia. Nikatoka kutazama. Alikuwa amesimama pale nje, mvi tupu, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kakumbatia bakuli la maua ya buluu lina kifuniko. Machozi yanamtoka kama yuko harusini.

"Mwizi wangu!" nikapiga kelele.

"Nimestaafu, Mama Zuhura," akasema. "Sina mgonjwa tena duniani. Kuna kuku?"

"Yupo mmoja, kalala. Pita."

Bakuli halikuwa tupu. Alifikia nyumba ya kulala wageni, akanunua mgebuka sokoni kule feri, akaomba jiko la watu, akapika mwenyewe. Tukalifunua. Mume wangu akamega ugali, akachovya, akatafuna, akamtazama.

"Profesa, umetia chumvi ya kutosha ziwa zima."

Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Nikapakua wangu, akala. Nakwambia alikula, vidole vyote kumi, na hakuna aliyezungumza habari za zamani, tulizungumza magoti na bei ya mawese. Alasiri akaaga. Nikalijaza bakuli, nikamwekea mkononi. "Kesho lirudi," nikamwambia, "na unajua lisirudije."

Akatoka. Mume wangu akarudi kwenye wavu wake. Hatujakaa, tukasikia tena.

"Hodi!"

"Karibu!" mume wangu akaitikia. Akachungulia. "Profesa? Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nilitaka kusikia mara nyingine."

Mume wangu akauweka wavu chini. Akainuka, polepole kwa magoti yale, akaenda akausukuma mlango wazi kabisa, akasogea pembeni.

"Basi usisimame nje," akamwambia. "Ingia. Nafasi ipo."